Nataka kujiundia bastola nyumbani kwa bajeti ndogo, ninunue spea zipi?

Msomaji mmoja anayeishi Texas, mzaliwa wa Mwanza, mwenye green card, ameniandikia hivi: "Fundi shikamoo. Nimeanza kwenda renji (uwanja wa kulenga shabaha) na jamaa wa kazini na nimeupenda mchezo, nataka kushiriki hizi mechi za shabaha za mwisho wa wiki. Nina dola 700 hivi. Nimeona mtandaoni wanauza kiti (yaani kit, seti ya spea) ya bastola, fremu (mwili wa chini wenye mshikio) haijamaliziwa, unamalizia mwenyewe nyumbani kisha unanunua slaidi (chuma cha juu kinachorudi nyuma bastola inapofyatuka), mtutu na vidude vya ndani kidogo kidogo. Ukijumlisha inaonekana chee kuliko kununua nzima dukani. Nisaidie kuchagua spea zenye ubora ili nisipigwe."

Marahaba mdogo wangu. Umefanya la maana kuuliza kabla hujatoa pesa, maana wengi wanaokuja kwangu wameshanunua boksi zima la vyuma na sasa wanataka nivifanye vikae pamoja. Nitakujibu lote lakini naanza na lile ambalo hukuuliza: usijenge kutoka kwenye kiti. Nunua bastola nzima iliyotoka kiwandani, used ikibidi, yenye siriali namba, kisha hela inayobaki uiweke kwenye spea chache ambazo kweli zinabadilisha kitu. Kwa dola 700 hiyo ndo njia ya kupata bastola nzuri, na nitakueleza kwa nini maana sitaki uniamini tu kwa sababu mi ni fundi.

Kwanza hesabu yenyewe, ile "chee" unayoiona si chee. Slaidi peke yake ya kueleweka ni zaidi ya dola 150, mtutu wa kueleweka ni mia na zaidi, bado vidude vya ndani ya slaidi, bado vya ndani ya fremu, springi, saiti (vya kulengea), magazini (kasha la risasi), na bado vifaa vya kazi ambavyo hukuvihesabu kabisa, ukijumlisha unakuta uko palepale pa bei ya dukani au umeipita, na mkononi una kitu ambacho hakina waranti, hakijapigwa risasi hata moja ya majaribio, na siku ukitaka kukiuza hakuna wa kukinunua kwa bei ya maana. Wanaosema walijenga kwa dola 300 wamenunua vyuma vya dola 300, na vinaonekana.

Pili sheria, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu wewe ni mhamiaji na kosa dogo la silaha kwako si faini tu, linagusa karatasi zako. Kwa sheria ya taifa Marekani mtu anayeruhusiwa kumiliki silaha anaweza kujitengenezea yake kwa matumizi yake, si ya kuuza. Ila majimbo kama California, New York na New Jersey yana sheria zake kali juu ya silaha zisizo na namba, kwa hiyo leo uko Texas kesho umepata kazi New Jersey umehama na kile kidude, tayari una kesi. Halafu ATF, idara ya serikali ya taifa inayosimamia silaha, walitoa kanuni mwaka 2022 kwamba kiti ambazo zinageuzwa kirahisi kuwa silaha zihesabiwe kuwa silaha, yaani muuzaji awe na leseni, aweke siriali namba na amfanyie mnunuzi ukaguzi. Ikapingwa mahakamani mpaka juu, na tarehe 26 Machi 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Bondi dhidi ya VanDerStok ikaikubali hiyo kanuni kwa majaji 7 dhidi ya 2. Kwa hiyo ukimwona mtu anakuuzia kiti bila kukuuliza chochote, jiulize anafanya biashara gani.

Green card yako inakuruhusu kununua dukani, utajaza fomu 4473, ile ya taifa ya kununulia silaha, kuna sehemu ya uraia na sehemu ya kuandika ile namba yako ya uhamiaji, jaza ukweli mtupu. Wenye viza za muda kama za masomo au matembezi wengi wao hawaruhusiwi isipokuwa wachache ambao sheria imewataja, kwa hiyo kama una shemeji yuko hapo kwako kwa viza ya shule asikuombe umnunulie, kumnunulia mtu mwingine silaha huku unaandika ni yako ni kosa kubwa la taifa.

Na hili nalisema kwa sababu nalijua letu: usithubutu kuweka kipande chochote cha bastola kwenye pipa la mizigo ya kwenda nyumbani. Hata magazini, hata mtutu mtupu. Kuvitoa Marekani kunahitaji leseni ya kusafirisha, na kule kuviingiza ni kesi nyingine. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya wana sheria yao ya silaha, Sura ya 114, kote huko kutengeneza silaha bila leseni ni jinai, na polisi hawatakuwa na muda wa kusikiliza kwamba ulikuwa unamtumia mjomba zawadi. Wewe na mimi tumekulia mahali ambapo gobore la kienyeji linajulikana, na tunajua watu walioumizwa na gobore wakiwa wamelishika wenyewe.

Sasa ubora, ambao ndo ulichouliza.

Ukitaka kujua kwa nini nakazania kiwanda, fikiria presha. Risasi ya 9mm inapolipuka ndani ya chemba (nafasi ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa) kiwango cha juu kinachokubaliwa na SAAMI, wale wanaoweka viwango vya risasi hapa Marekani, ni psi 35,000. Tairi la gari lako lina psi 32 hadi 35. Yaani ni mara elfu moja, na inatokea sentimita chache kutoka kwenye vidole vyako, inchi kadhaa kutoka usoni. Zile risasi zilizoandikwa +P, yaani zenye presha zaidi, zinafika 38,500. Kinachokulinda hapo ni chuma cha mtutu, jinsi kilivyopashwa moto na kupozwa, na jinsi mtutu na slaidi vinavyofungana kwa kipimo sahihi kabla risasi haijafyatuka. Kile kipimo hakionekani kwa macho. Bastola iliyotoka kiwandani kipimo hicho kimehakikiwa na silaha imepigwa risasi kabla haijakufikia, na zile za Ulaya kama Glock za Austria, ambako sheria inadai hivyo, zinapigwa risasi za majaribio zenye presha ya asilimia 30 juu ya kawaida kisha zinapigwa mhuri. Ukichukua mtutu wa kampuni hii, slaidi ya kampuni ile, fremu umeimalizia mwenyewe mezani, hakuna mtu yeyote duniani aliyehakiki kwamba hivyo vitatu vinaelewana. Hata kama kila kimoja peke yake ni kizuri.

Kwa hiyo mtutu, slaidi na fremu: chukua vilivyozaliwa pamoja, acha hivyohivyo. Mitutu ya kubadilisha inayouzwa yenye rangi ya dhahabu na mistari inapendeza kwenye picha, ila kwa mtu anayeanza haitakupa hata pointi moja kwenye mechi. Mtutu wa kiwandani unapiga vizuri kuliko sisi tunavyoweza kushika.

Sasa nunua ipi. Kwa bajeti yako nenda kwenye bastola zilizorudishwa na polisi. Idara za polisi zikibadilisha silaha zinarudisha za zamani kwa wauzaji, na zile zinauzwa kwa raia kwa bei nzuri sana. Uzuri wake ni kwamba polisi anaivaa miaka kumi lakini anaipiga mara chache kwa mwaka kwenye mafunzo, nje imechubuka na holsta (ala ya kuivalia kiunoni) lakini ndani bado mbichi. Glock 17 ya kizazi cha tatu au Smith & Wesson M&P ya 9mm mara nyingi utaipata kati ya dola 350 na 420.

Utakutana na Glock 22 nyingi kwa bei ya chini zaidi na utatamani. Hizo ni za risasi ya .40. Historia yake ni kwamba baada ya mapambano ya Miami mwaka 1986 ambapo maajenti wawili wa FBI waliuawa, FBI wakatafuta risasi kubwa zaidi, mwaka 1990 ikatoka .40 Smith & Wesson na polisi nchi nzima wakaifuata. Miaka ya katikati ya 2010 FBI wakarudi kwenye 9mm kwa sababu risasi za kisasa za 9mm zimeboreka na watu wanazipiga vizuri zaidi, polisi nao wakarudi, ndo maana .40 zimejaa sokoni. Ni bastola nzima kabisa, lakini risasi zake ni ghali kuliko 9mm na inapiga teke zaidi mkononi, na wewe utapiga risasi nyingi za mazoezi. Ile dola 60 uliyookoa dukani utairudisha ndani ya miezi michache. Chukua 9mm.

Ukiwa dukani kagua hivi, muombe muuzaji akuthibitishie kwanza kwamba haina risasi na aifungue. Angalia ncha ya mtutu pale mbele, ule ukingo wa duara uwe safi bila kovu, maana hapo ndipo risasi inapoagana na bastola na kovu moja linaipeleka pembeni. Angalia ndani ya mtutu na tochi, usitafute mng'aro tu, tafuta uvimbe au pete nyeusi inayozunguka, hiyo ni dalili kwamba risasi iliwahi kukwama na nyingine ikapigwa nyuma yake, ukiiona rudisha bastola kwenye kaunta. Angalia uso wa slaidi pale pini inapotokea, kuwe na tundu safi lisilolika pembeni. Angalia reli za chuma kwenye fremu, zote nne kwa Glock, zisiwe zimepinda au kupasuka. Rangi iliyochubuka usiihangaikie hata kidogo, tena mwambie muuzaji apunguze bei kwa ajili hiyo. Kama ni Glock kizazi cha nne ujue kwamba mwaka 2011 kampuni iliendesha zoezi la kubadilisha springi kubwa kwa wateja wa toleo hilo, kwa hiyo ya zamani sana uliza kama springi yake ilishabadilishwa. Springi mpya hata hivyo utanunua, ndo tunaenda huko.

Springi ndo spea ya kwanza kwenye orodha yako na ndo ya bei ndogo kuliko zote. Ile springi kubwa iliyo chini ya mtutu inachoka kwa kazi, wengi tunaibadilisha kila baada ya risasi elfu 3 hadi 5, na kwenye bastola ya used hujui imepigwa ngapi kwa hiyo unabadilisha siku hiyohiyo. Nunua ya mtengenezaji wa bastola yenyewe, ya uzito uleule. Mtandaoni watakuambia weka nyepesi ili teke lipungue, na ni kweli kidogo linapungua, lakini slaidi sasa inarudi nyuma kwa nguvu na kupiga fremu, na inaporudi mbele inakosa nguvu ya kufunga sawasawa ukiwa na uchafu kidogo au risasi dhaifu. Wanaotumia nyepesi ni watu wanaojipakia risasi zao wenyewe za nguvu ndogo na wanajua wanachofanya. Wewe bado.

Spea ya pili ni magazini, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapodharau. Bastola ikikwama kwenye mechi, mara nyingi sana tatizo si bastola, ni magazini. Ile midomo ya juu inayoshikilia risasi ikipanuka kidogo tu risasi inapanda kwa pembe mbaya na inakwama. Springi yake inachoka pia, na inachoka kwa kukandamizwa na kuachiwa mara nyingi zaidi kuliko kwa kukaa imejaa. Kwa hiyo zile magazini za used utakazopewa na bastola zifanye za mazoezi, nunua angalau tatu mpya. Kwa Glock nunua za Glock wenyewe, zina ala ya chuma ndani ya plastiki, ni kama dola 25 hadi 30. Magpul nao wanazo za plastiki za bei nafuu kidogo na kwa mazoezi zinatosha. Ukinunua Beretta, CZ au SIG, basi jina la kutafuta ni Mec-Gar wa Italia, wanatengeneza magazini tangu miaka ya 1960 na baadhi ya viwanda vya bastola vyenyewe vinanunua kwao. Magazini za jina usilolijua za dola 12 ziache hukohuko. Zikifika nyumbani ziandike namba kwa rangi chini yake, 1, 2, 3, ili bastola ikikwama ujue ni ipi iliyokuwa ndani, ikikwama mara ya pili na ileile umeshampata mchawi. Na Texas hakuna kikomo cha risasi kwenye magazini, lakini majimbo mengine kikomo ni 10, kumbuka hilo ukisafiri kwenda mechi.

Spea ya tatu ni saiti. Saiti za kiwandani za Glock ni plastiki, zinafanya kazi lakini zinalika na hazionekani vizuri. Za polisi used zitakuwa na vile vitaa vya tritiamu vinavyowaka gizani, ila tritiamu inapungua nusu kila miaka 12.3, kwa hiyo bastola ya 2009 vitaa vyake vimeshafifia, usilipie pesa ya ziada kwa ajili yake. Kwa mchezo unataka saiti ya nyuma nyeusi kabisa, ya chuma, yenye mfereji wa mraba safi, na ya mbele iwe nyembamba yenye kijiti cha faiba kinachong'aa mchana, rangi nyekundu au kijani. Dola 60 hadi 90 unapata seti nzuri. Hakikisha ni chuma cha pua au chuma cha kawaida kilichochongwa, si alumini laini, maana saiti inagongwa kila siku na milango ya gari na meza za renji.

Kuna kitu wauzaji hawakuambii, saiti ya mbele ikiwa ndefu zaidi risasi zinapiga chini zaidi, ikiwa fupi zinapanda. Hesabu yake ni rahisi: chukua umbali unaokosea kwenye shabaha, zidisha na urefu kati ya saiti mbili, gawanya na umbali wa shabaha. Glock 17 ina milimita 165 kati ya saiti. Ukikosa sentimita 10 chini kwa mita 25, hiyo ni milimita 100 mara 165 gawanya kwa 25,000, unapata 0.66. Kwa hiyo unahitaji saiti ya mbele fupi kwa milimita 0.66, basi. Lakini kabla ya kununua mpe mpigaji mzoefu apige hiyo bastola kwanza, maana anayeanza akipiga chini kushoto na ni wa mkono wa kulia kwa kawaida ni kidole na mkono, saiti haina kosa.

Doti nyekundu, ile saiti ya kioo yenye nukta nyekundu ya kulengea, je? Najua utaniuliza maana kila mtu siku hizi anayo. Ni nzuri, kwa macho yanayoanza kuchoka ni nzuri sana. Ila Glock 17 ya kizazi cha tatu slaidi yake haijakatwa kwa ajili ya doti, kuipeleka ikachongwe ni dola 100 na zaidi, na doti yenyewe ya kuaminika, mfano Holosun, ni dola 200 kwenda juu, Trijicon ni zaidi ya mara mbili ya hiyo. Bajeti imeshaisha na hujanunua risasi. Kama moyo wako uko huko basi badala ya used ya polisi tafuta bastola ambayo slaidi yake imeshakatwa kiwandani, na uangalie matundu ya skrubu ya doti yalingane na ya slaidi, kuna mifumo kadhaa na hailingani, mmoja unaotumika sana ni ule wa doti ya Trijicon iitwayo RMR na Holosun nyingi zinaufuata. Mwili wa doti uwe alumini ya daraja la 7075 na si 6061 kama una uchaguzi, ina nguvu zaidi na ile slaidi inaipigapiga mbele nyuma maelfu ya mara. Doti feki zimejaa mtandaoni zikiwa na nembo ya Trijicon kwa dola 40, zile ni za bunduki za kuchezea, zitapoteza kipimo ndani ya siku moja.

Sasa niseme cha kuacha, na naomba hapa unielewe vizuri. Triga (kile cha kufyatulia) na vidude vya ndani vya usalama usiviguse. Utaona triga za alumini nyekundu, springi nyepesi za pini, viunganishi vya kung'arishwa, na kila mtu anasema ilimbadilishia maisha. Glock ina kinga tatu ndani yake zinazojiondoa zenyewe ukivuta triga na kujirudisha ukiiachia, ndo zinazofanya isifyatuke ikidondoka. Ukibadilisha kipande kimoja kwa kingine chenye kipimo tofauti kidogo unaweza ukawa umepunguza moja ya hizo kinga bila kujua, na bastola itaendelea kupiga vizuri tu renji, mpaka siku itakapodondoka. Hata viwanda vikubwa jambo hili limewasumbua, mwaka 2017 SIG Sauer walitangaza maboresho ya hiari ya P320 baada ya majaribio ya kuidondosha kuonyesha inaweza kufyatuka yenyewe ikianguka kwa pembe fulani. Wale wana mainjinia na maabara. Wewe una meza ya jikoni na mtoto anapita nyuma yako. Triga ya kiwandani inalainika yenyewe ukiipiga risasi elfu moja, na hizo risasi ndo zitakazokufundisha kuivuta. Tena divisheni ya Production ya USPSA, chama kinachoendesha mechi za shabaha Marekani, ambayo inakufaa kuanza nayo ina orodha ya bastola zinazokubalika na masharti juu ya mabadiliko, kwa hiyo ukiichezea sana unaweza ukajikuta unashindana na watu wenye bastola za dola elfu 4.

Na kuna kipande kimoja kidogo kinachouzwa kwa bei ya kutupa kutoka ng'ambo, kinakaa nyuma ya slaidi na kuifanya bastola ipige mfululizo. Hicho kwa sheria ya Marekani chenyewe peke yake kinahesabika kuwa rashasha, hata kikiwa kwenye bahasha hujakifunga, na ni jela ya miaka mpaka kumi. Usikiulize bei, usikiweke kwenye kikapu, usimpokelee mtu.

Kuhusu vyuma vilivyotengenezwa kwa unga, wenyewe wanaita MIM, maana najua umesoma kwamba ni takataka. Si kweli moja kwa moja. Ni unga wa chuma unaochanganywa na gundi, unasindiliwa kwenye mold kisha unachomwa mpaka unashikana, na viwanda vikubwa vingi vinatumia kwa vidude vidogo visivyobeba mzigo mkubwa, na vinadumu. Ubaya unakuja pale mtu anapochoma vibaya kukabaki mapovu ndani, na huwezi kuyaona. Kwa hiyo swali la kuuliza ni nani ametengeneza na anarudisha pesa kikivunjika, kuliko kuuliza kimetengenezwa kwa njia gani. Ndoano inayotoa ganda na pini inayogonga risasi ndo vipande viwili ambavyo mi nanunua vya mtengenezaji wa bastola peke yake, siangalii bei.

Sasa tupange pesa yako. Bastola 380. Kodi na ada ya duka 40. Springi 15. Magazini mbili mpya za kuanzia 55, ya tatu utaongeza baadaye. Saiti 70 na dukani wakufungie, kuna kifaa cha kuzisukuma, usigonge na nyundo. Holsta ya plastiki ngumu inayoziba triga yote 50, na mkanda mgumu kama huna, mikanda ya kitambaa inaachia bastola ikayumba. Hapo uko kwenye 610. Zilizobaki ni sikio na macho: bastola ya 9mm inatoa kelele ya karibu desibeli 160, inaharibu sikio kwa mlio mmoja na haliponi, nunua vizibo vya kielektroniki vya dola 50 hivi, ndani ya renji ya ndani vaa na vile vidogo vya sponji chini yake. Miwani iwe na alama ya Z87, hiyo ni ya kiwango cha miwani ya kinga. Ukitoka renji nawa mikono na maji baridi na sabuni kabla ya kula, nguo zifue peke yake, kuna madini ya risasi kwenye moshi na kama una watoto wadogo nyumbani hilo ni muhimu kuliko springi zote nilizotaja. Na kwa ajili ya haohao watoto nunua kisanduku cha chuma chenye kufuli, hata kama itabidi saiti zisubiri mwezi ujao. Saiti za plastiki zinaweza kusubiri.

Risasi nunua za kiwandani, ganda la shaba, uzito wa grein 115 au 124, mara nyingi ni senti 25 hadi 30 moja. Renji nyingi za ndani wanapitisha sumaku na wanakataa zenye chuma, kwa hiyo uliza kwanza. Usinunue risasi zilizopakiwa nyumbani na mtu usiyemjua hata akikupa bei ya kutupa, ile pete nyeusi ndani ya mtutu niliyokuambia uitafute mara nyingi imeanzia huko. Kabla hujaenda mechi yoyote piga 200 za kawaida kwa magazini zako zote, uandike kila ilipokwama na namba ya magazini. Ikipita 200 bila tatizo iko tayari. Ikikwama mara mbili tatu irudishe dukani ulikonunua, duka la maana linalouza za polisi huwa linakupa siku kadhaa za kurudisha, uliza hilo kabla hujalipa.

Ukishaipata niandikie modeli, kizazi na mwaka, hasa kama si Glock, maana saiti za M&P zinakaa kwa mkato tofauti na nitakuambia zipi zinaingia.